Kanisa la Nyumbani: Funzo la Korona kwa Mume na Mke



Katika somo la leo tutaangalia jambo ambalo nyumba nyingi zimeanza kulisahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya mwezi huo kwisha milango ya makanisa ilikuwa imefungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Pasaka ya tarehe 12 Aprili ilipita waumini wakiwa nyumbani. Hata jumuiya ndogo ndogo zilinyamaza, kwa maana majirani hawakuweza tena kukusanyika sebuleni kwa mmoja wao.

Hebu tujiulize: siku hizo, Kanisa lilikuwa wapi? Jibu ni kwamba lilikuwa nyumbani kwako.

Hili si neno la kujifariji tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliiita familia ya Kikristu kanisa la nyumbani, ukasema kwamba wazazi ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Tena kumbukeni siku ya arusi yenu. Kadiri ya mafundisho ya Kanisa letu la Kilatini, wahudumu wa sakramenti ya ndoa ni bwana arusi na bibi arusi wenyewe. Padre husimama pale kupokea ahadi zenu kwa niaba ya Kanisa. Basi kuna huduma moja ambayo haikufungwa na kafyu wala amri yoyote, nayo ni huduma yenu ninyi wawili, kila mmoja kwa mwenzake na kwa watoto wenu.

Korona ilifunua nini?

Kwanza, ilifunua kwamba wengi hatukuzoea kusali pamoja nyumbani. Baba alisali na wenzake wa CMA, mama na wenzake wa CWA, watoto na wenzao wa PMC. Kila mmoja ana sare yake na siku yake ya mkutano. Vyama hivi ni vizuri na vinatujenga. Lakini viliposimama, mume na mke walijikuta wameketi meza moja, na hakuna aliyejua ni nani aanze ishara ya msalaba. Wengi walifuata Misa kwa redio, runinga au simu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini Misa ya kwenye simu ikiisha, na bando likiisha, mnabaki wawili mkitazamana. Hapo ndipo kazi yenu inapoanza.

Pili, ilifunua jinsi tulivyokuwa tukizungumza, au tusivyozungumza. Mume aliyezoea kufika nyumbani saa nne usiku, watoto wamelala, sasa alikuwa ndani kabla ya giza. Kazi nyingi zilikuwa zimesimama: vibarua, matatu, hoteli, na walimu wengi wa shule za binafsi wakakosa mishahara. Mume asiye na kitu mfukoni huona heshima yake imekwisha, akageuka mkali kwa neno dogo la unga. Mke naye, akiwa na watoto wote nyumbani na sufuria tupu, akajibu kwa maneno yaliyokaa moyoni miaka mingi.

Wapendwa, Bwana wetu alifundisha kwamba mtu akikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aache sadaka yake, akapatane naye kwanza (Mathayo 5:23-24). Kwa walio katika ndoa, huyo ndugu wa kwanza amelala kitanda kimoja nawe. Tarehe 20 Machi 2020, Papa Fransisko aliwakumbusha waamini kwamba asiyeweza kumpata padre wa kuungama anaweza kumwendea Mungu kwa majuto kamili, akikusudia kuungama mara atakapoweza. Lakini neno "nisamehe" kwa mwenzako halikuhitaji kusubiri makanisa yafunguliwe. Halihitaji kusubiri hata leo.

Hapa lazima tuseme wazi. Kusameheana si kuficha kipigo. Mke au mume anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie tu kwa sababu ndoa ni sakramenti. Anayempiga mwenzake ndiye anayeinajisi sakramenti hiyo. Aliye hatarini atafute mahali pa usalama, awaone paroko na wazee wa jumuiya, na polisi pia inapobidi.

Tatu, ilitufundisha juu ya wazee wetu. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai 2020, ibada ilikuwa ya saa moja tu, watu wasiozidi 100. Watoto wa chini ya miaka 13 na wazee waliozidi miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Nyanya asiyekosa Misa ya kwanza akawa wa kukaa kibarazani. Nani alimsomea Injili? Palipokuwa na mwana na mkaza mwana wenye upendo, walimsomea. Leo bado kuna nyanya na babu ambao miguu haiwafikishi kigangoni, na hakuna amri yoyote inayowazuia isipokuwa usahaulifu wetu.

Tarehe 26 Machi 2021, ibada za pamoja zilisimamishwa tena katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Pasaka ya pili ikapita hivyo huko. Nyumba iliyokuwa imejizoeza haikubabaika. Ilitoa Biblia, ikawasha mshumaa, ikasali.

Tufanye nini sasa?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Makanisa yamejaa tena, nasi twashukuru. Lakini ile sala ya nyumbani imekwenda wapi? Jaribuni utaratibu huu, dakika 15 tu, mara moja kwa wiki kwa kuanzia:

1. Zimeni runinga, wekeni simu mbali. Mmoja aanze kwa ishara ya msalaba. Wiki ijayo aanze mwingine.
2. Someni Injili ya Dominika inayokuja. Nyamazeni kidogo.
3. Kila mmoja aseme jambo moja la kumshukuru mwenzake, na jambo moja la kumwomba msamaha. Msijibizane.
4. Waombeeni wagonjwa, wazee na majirani kwa majina.
5. Salini Baba Yetu na Salamu Maria. Kisha baba na mama wawabariki watoto kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso.

Asiyeweza kufika Misani kwa ugonjwa aongeze komunyo ya kiroho, yaani kumwomba Yesu kwa hamu aingie moyoni mwake. Lakini tusidanganyane. Wapo waliozoea Misa ya kwenye simu, na mpaka leo hawajarudi kanisani ingawa wana afya njema. Kanisa la nyumbani halichukui nafasi ya Ekaristi. Linatuandaa kuipokea, na kutoka mezani pa Bwana tunarudi nyumbani tukiwa na kitu cha kugawana.

Maswali ya kuzungumzia ninyi wawili

1. Makanisa yalipofungwa, ni jambo gani jema tulianza nyumbani kwetu? Bado lipo?
2. Ni neno gani la siku zile ambalo bado linaniuma, na sijakuambia?
3. Katika jumuiya yetu, ni mzee au mgonjwa gani tutakayemtembelea pamoja mwezi huu?

Msiharakishe swali la pili. Mkishindwa kulimaliza usiku mmoja, salini hivyo hivyo, mlirudie kesho kwa upole. Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.