Dondoo muhimu: Kuandaa somo la watu wazima Jibondo

Unaandaa mafunzo kwa wavuvi, wakulima wa mwani au mafundi wa vyombo kisiwani Jibondo, ndani ya Hifadhi ya Bahari Mafia iliyoanzishwa 1995? Zingatia haya:

• Tazama mwezi kabla ya ratiba. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, watu wako mwambani wakitafuta pweza. Panga vikao siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo.

• Anza na wanachokijua. Fundi aundaye mashua kwa jicho ana hesabu kichwani. Mwombe aieleze, ndipo ulete yako.

• Lengo liwe tendo. Badala ya "kuelewa uhifadhi", andika "kupima pweza na kujaza daftari la mavuno".

• Picha kubwa, maneno machache. Funika karatasi kwa plastiki. Unyevu wa chumvi hauna huruma.

• Acha nafasi ya mjadala. Hata kampeni ya elimu ya afya Tanzania ya 1973, Mtu ni Afya, iliunganisha redio, vijitabu na vikundi vya majadiliano.

• Jaribu kwanza. Wape watu watano maandishi yako wayasome kabla ya kuchapa.

Mwishoni waulize: kesho mtafanya nini tofauti? Wakikosa jibu, rekebisha somo, usiwalaumu wao.