Kulinganisha Jenomu za Metanyumovirusi ya Ndege na ya Binadamu: Mwongozo kwa Wachambuzi wa Maabara

Mwongozo huu unawahusu wachambuzi wa maabara za afya na za mifugo wanaolinganisha hMPV, metanyumovirusi ya binadamu, na aMPV, nduguye wa ndege. Kirusi cha ndege ndicho kilichojulikana kwanza, kwa bata mzinga wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970. Cha binadamu kilitangazwa mwaka 2001 na watafiti wa Uholanzi, ingawa seramu zilizohifadhiwa tangu 1958 zilionyesha kwamba watu walikwisha kuambukizwa zamani.

Kabla ya kupakua chochote, amua unataka aMPV ya aina gani. Aina C, iliyogunduliwa Marekani katika miaka ya 1990, iko karibu zaidi na hMPV kuliko na aina A na B za ndege wenzake. Mtu akichukua aina A kwa sababu tu imetangulia kwenye orodha, kisha akaiita "kirusi cha ndege", atapata umbali mkubwa kupita kiasi na ripoti yote itaegemea hapo. Weka A, B na C, pamoja na makundi yote mawili ya hMPV, ambayo nayo yanaitwa A na B. Kwa hiyo andika jina kamili kila mara. Kuchanganya hMPV-A na aMPV-A kwenye jedwali ni kosa dogo lenye fedheha kubwa. Kwa walioko Afrika Mashariki, mifuatano ya hMPV kutoka Kilifi, Kenya, isikosekane.

Jenomu hizi ni uzi mmoja wa RNA wenye mwelekeo hasi, nyukleotidi 13,000 na ushei. Hifadhidata kwa kawaida huuonyesha ukiwa umeshageuzwa na kuandikwa kwa herufi za DNA. Faili la maabara yako huenda likawa kinyume, basi hakikisha jeni zinafuatana hivi: N, P, M, F, M2, SH, G, L. Jeni ni nane na protini tisa, maana M2 hutoa mbili. Herufi zisizosomeka zisihesabiwe kuwa tofauti.

Kwa mzizi wa mti wa nasaba, RSV, kirusi jamaa cha njia ya hewa, inafaa, lakini kwa jeni mojamoja tu. RSV ina NS1 na NS2, ambazo metanyumovirusi hazina, na SH na G zake hutangulia F na M2. Ukiingiza jenomu nzima programu haitalalamika. Itajaza mapengo na kukuchorea mti mzuri wa uongo.

Usitoe asilimia moja kwa jenomu nzima. Protini F ya hMPV na ya aMPV-C hufanana kwa takribani asilimia 80 ya asidi amino, ilhali G hutofautiana mno, hata kwa urefu. Wastani huficha yote mawili. Panga N, M, F na L kwa asidi amino kwanza, kisha urudi kwenye nyukleotidi, ili pengo lisikate kodoni katikati. G itenge. Hata ndani ya hMPV-A, baadhi ya virusi vina kipande cha nyukleotidi 111 au 180 kilichojirudia katika G. Asiye na habari hudhani ni hitilafu ya mashine, akakifuta.

Katika kuandika matokeo, kumbuka kwamba mti huonyesha nasaba, hauonyeshi nani kamwambukiza nani. Makadirio yaliyochapishwa yanaweka kutengana kwa hMPV na aMPV-C karibu miaka 200 iliyopita, na leo hMPV huenea baina ya watu. Ofisa wa wilaya akiuliza kama mtoto aliyelazwa ameambukizwa na kuku wa nyumbani, ukaribu wa F peke yake hauruhusu jibu la "ndiyo".

Ambatisha namba za usajili za kila mfuatano, toleo la programu, na mafaili ya ulinganisho wa F na wa G, kila moja peke yake.