Jicho Hupokea, Ubongo Hutafsiri: Nafasi ya Muktadha Katika Kuona

Mtahiniwa, umeshajifunza kuwa mwanga hupita kwenye konea, mboni na lenzi, kisha taswira hutokea kwenye retina ikiwa imepinduka. Wengi huishia hapo. Kumbuka kuwa kuona hukamilika kwenye ubongo. Neva ya jicho hupeleka taarifa hadi sehemu ya nyuma ya ubongo, nazo hulinganishwa na yale unayoyajua tayari.

Maana ya muktadha
Ni mazingira yanayokizunguka kitu kinachotazamwa.

Mfano wa 1
Chora mstari wima, kisha andika 3 karibu sana nao. Ukiweka alama hiyo kati ya A na C, utasoma B. Ukiiweka kati ya 12 na 14, utasoma 13. Alama ni ileile. Majirani zake ndio waliobadilika.

Mfano wa 2
Mwaka 1975, mwanasaikolojia Stephen Palmer aliwaonyesha watu picha ya jikoni, kisha picha ya kitu kimoja kwa muda mfupi sana. Kitu cha jikoni, kama mkate, kilitambuliwa takriban mara 80 katika kila 100. Kisichohusiana na jikoni, kama sanduku la barua, takriban mara 40 tu.

Faida na hasara
(a) Muktadha huharakisha utambuzi.
(b) Husaidia kutambua kitu kilichofichika nusu au kilicho gizani.
(c) Hasara: ubongo unaweza kuona ulichokitarajia badala ya kilichopo.

Angalizo kwa chumba cha mtihani
Mwanafunzi wangu mmoja, hodari kabisa, aliulizwa kazi nne *zisizofanywa* na ini. Aliandika kazi nne sahihi za ini, akapata sifuri. Alizoea swali la kila mwaka, akalisoma hilo. Yasikukute. Pitisha kalamu chini ya kila neno, na pigia mstari kitenzi cha swali na kila neno la kukanusha.

Swali la kujipima
Kwa nini ni vigumu kuona makosa katika insha uliyoiandika mwenyewe? (alama 2)

Jibu: Ubongo unajua ulichokusudia kuandika (alama 1), hivyo hujaza neno sahihi mahali penye kosa (alama 1).