Dondoo Muhimu: Gurudumu Jepesi la Nyuzi za Kaboni

Mwanafunzi aundaye gari la mashindano ya Formula Student, yaliyoanza Uingereza mwaka 1998 kwa kufuata mfano wa Marekani wa 1981, na afahamu kwamba uzito wa gurudumu, kwa kuwa haubebwi na springi na tena huzunguka, una madhara kupita uzito uo huo ukiwa katika bodi. Na gramu iondolewayo kwenye ukingo wa rimu ina thamani kuliko iondolewayo karibu na habu.

Hata hivyo wepesi usitangulizwe mbele ya ugumu, maana rimu ipindayo konani huharibu mwinamo wa tairi.

Nyuzi zilazwe kwa kuifuata njia ya nguvu: za digrii 45 zihimili msokoto wa breki na injini, za mzunguko zizuie mgandamizo wa upepo wa tairi, na tabaka ziongezwe pale spoki ziungapo na rimu.

Penye bolti ndipo penye hatari, na hapa nawanasihi msifanye pupa: epoksi ishikayo nyuzi ikibanwa sana huku ikipashwa joto na breki hulegea taratibu, hata bolti ikapoteza mkazo, basi tieni bushi ya aluminiamu ipokee mbano huo, na baina yake na kaboni wekeni tabaka nyembamba ya nyuzi za kioo, kwani viwili hivyo vikigusana penye unyevu aluminiamu huliwa.

Kabla ya mashindano, gongeni rimu yote kwa sarafu: mlio mzito huashiria tabaka zilizoachana.