Babu Alikuwa Keya? Tafuta Nambari Yake Kwanza

Familia nyingi hujua tu kwamba babu "alikuwa Keya." Jina pekee halitoshi: makarani wa jeshi waliandika majina walivyoyasikia, na akina Kamau na Otieno walikuwa wengi. Tafuta nambari yake ya jeshi kwenye cheti cha kuachishwa kazi, kama panya hawajakitangulia. Kipige picha leo.

Soma kikosi kwa makini. Batalioni ya 11 (Kenya) ya King's African Rifles ilipigana Burma mwaka 1944 ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Usichanganye hizo 11 mbili: batalioni ni askari mia kadhaa, divisheni ni maelfu.

Ukishapata nambari, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Kama babu hakurudi, anza na orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Iko kwenye intaneti, bila malipo.