Pilau Si Nguzo ya Sita



Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita dada mmoja aliyesilimu hapa chuoni alileta luwombo kwenye futari ya akina dada. Mimi nimelelewa Buyenzi, Bujumbura, na kwetu futari haikamiliki bila sambusa na pilau. Nikasema kwa sauti, "Leo tunafuturu kwa majani?" Watu wakacheka. Siku mbili zilizofuata dada yule hakuonekana.

Nikamfuata bwenini kumwomba radhi. Kumbe alikuwa akifuturu peke yake, kwa chai na mkate. Hakunigombeza. Alinikaribisha siku nyingine nimsaidie kupika.

Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilainike, uti wake wa katikati hupunguzwa, kisha hukunjwa kama bakuli bila kuchanika. Ndani hutiwa kuku au mchuzi wa karanga, likafungwa kwa ukamba wa mgomba na kuivishwa kwa mvuke taratibu. Langu lilichanika mara tatu. Yeye alifundishwa na bibi yake. "Dada," akaniambia, "kwetu Buganda hiki ni chakula cha mgeni wa heshima." Hapo nikaona aibu: alituletea heshima, nami nikamrudishia kicheko.

Nikarudi kwenye masomo yangu. Katika Suratul-Baqara, aya ya 168, Allah anawaamrisha watu wote, si kabila moja, wale vilivyo halali na vizuri katika ardhi.

Pia Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Khalid bin Walid (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliletewa dhabb, mjusi wa jangwani, akaacha kumla. Khalid akauliza kama ni haramu. Mtume akajibu kuwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamla, na Mtume akimtazama. Tazama adabu hiyo: hakufanya mazoea ya kwao kuwa sheria kwa mwingine. Abu Hurayra (r.a.) naye amesimulia kuwa Mtume hakuwahi kukitia chakula ila, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha.

Basi dini imeweka mipaka: mnyama achinjwe kisharia, tutaje jina la Allah, tule kwa mkono wa kulia, tusifanye israfu. Ndani ya mipaka hiyo kila kaumu ina ufundi wake wa mikono. Pilau ni ada yetu, si nguzo ya sita. Anayesilimu anaacha shirki. Haachi chungu cha bibi yake.

Ramadhani ijayo, inshaallah, napendekeza kila usiku mmoja wetu apike cha kwao. Na asiyekipenda, anyamaze.

Allah atusamehe ndimi zetu. Aamin. Wabillahi tawfiq.