Chuma Kisichojulikana Kisiingie Nyumbani: Somo la Kukinga Familia na Mionzi na Majanga Mengine

Majanga mengi hutoa ishara. Mto hufurika mbele ya macho, moto hutoa moshi, gesi ya kupikia hunuka. Mionzi ya nyuklia haina ishara hizo. Haionekani, hainuki, haina ladha wala sauti, na anayeguswa nayo anaweza kuendelea na shughuli zake siku nzima bila kuhisi chochote.

Kwa sababu hiyo wakazi wengi huamini kwamba mionzi ni tatizo la nchi zenye mitambo mikubwa ya nyuklia. Ukweli ni kwamba vifaa vyenye mionzi vinatumika hapa Kenya pia. Vimo katika hospitali zinazotibu saratani, katika viwanda, katika ukaguzi wa mabomba na katika ujenzi wa barabara. Vikitunzwa na waliosomea kazi hiyo, vifaa hivi huokoa maisha na kurahisisha kazi. Hatari huanza kifaa kinapoibwa, kinapotelekezwa au kinapouzwa kama chuma kikuukuu.

Somo hili linaeleza jinsi hatari hiyo inavyoweza kufika nyumbani, kanuni tatu za kujikinga, na jinsi kanuni hizo zinavyosaidia katika majanga mengine.

MKASA WA GOIÂNIA, BRAZIL

Mnamo Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki iliyokuwa imehama. Ndani yake mlikuwa mmebaki mashine ya zamani ya kutibu saratani. Waliifungua, wakachukua sehemu nzito ya chuma na baadaye wakaiuza kwenye yadi ya vyuma vikuukuu.

Ndani ya chuma hicho mlikuwa na sesiamu-137, kiasi kisichozidi gramu 100. Mwenye yadi aliona kwamba inatoa mwanga wa samawati gizani. Alidhani ni kitu cha thamani. Aliipeleka nyumbani, akawaonyesha jamaa na majirani, na baadhi yao wakagawiwa vipande na unga wake. Wengine waliupaka mwilini. Msichana wa miaka 6 aliucheza, kisha akala chakula kwa mikono iliyokuwa na unga huo.

Siku chache baadaye watu walianza kutapika na kuhara, na wengine wakapata vidonda kama vya moto ilhali hawakuungua. Mwanzoni matabibu walishuku chakula. Aliyegundua jambo ni mke wa mwenye yadi. Alitambua kwamba wote walioguswa na ule unga walikuwa wakiugua wakati mmoja. Akaweka mabaki yake kwenye mfuko, akaupeleka kwa basi hadi kituo cha afya. Hatua hiyo ndiyo iliyofichua chanzo cha ugonjwa.

Watu 4 walifariki, akiwemo mama huyo na yule msichana mdogo. Watu zaidi ya 100,000 walipimwa, na 249 wakakutwa wamechafuliwa na mionzi. Nyumba kadhaa zilibomolewa na udongo wake kuchukuliwa. Hayo yote yalitokana na kitu kilichoweza kutosha kwenye kiganja cha mkono. Mtambo wa nyuklia haukuhusika hata kidogo.

KUPIGWA NA MIONZI NA KUCHAFULIWA NAYO

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Mtu anayepigwa picha ya eksirei hospitalini hupitiwa na mionzi kwa muda mfupi sana. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Hatoki nayo mwilini, na hawezi kumwambukiza mtu nyumbani.

Kuchafuliwa ni tofauti. Hapa unga au vumbi lenye mionzi hubaki kwenye ngozi, nguo, sakafu au chakula, na huendelea kutoa mionzi kila saa. Likimezwa au kuvutwa kwa pumzi, huingia ndani ya mwili. Ndiyo maana yule mtoto wa Goiânia aliumia zaidi kuliko watu wengi waliokaribia kile chuma bila kukitia kinywani.

KANUNI TATU: UMBALI, MUDA NA KIZUIZI

Umbali. Mionzi kutoka kwa kitu kidogo hupungua haraka mtu anapokwenda mbali. Aliyesimama mita 1 akirudi nyuma hadi mita 2, hupata robo tu ya alichokuwa akipata. Akifika mita 10, hupata sehemu 1 kati ya 100.

Muda. Anayekaa karibu na chanzo kwa dakika 1 hupata kiasi kidogo kuliko anayekaa saa nzima. Kwa hiyo hakuna haja ya kusimama kutazama, kupiga picha au kuita wenzake waje waone.

Kizuizi. Ukuta wa mawe, saruji, udongo mwingi na madini ya risasi hupunguza mionzi. Ndiyo sababu wakati wa ajali kubwa ya nyuklia watu huagizwa kuingia ndani ya jengo imara, kufunga milango na madirisha, na kubaki humo hadi watakapopewa maelekezo.

MKAZI AKIKUTA CHUMA ASICHOKIFAHAMU

Vyanzo vingi vya mionzi having'ai gizani kama kile cha Brazil. Dalili za kutilia shaka ni chombo kidogo kilicho kizito kupita kiasi, na hasa chenye alama ya mionzi: vipande vitatu kama mapanga ya feni vinavyozunguka kitone, mara nyingi juu ya rangi ya manjano. Alama nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ni pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia.

Wakazi, wanaookota na kununua vyuma vikuukuu, na mafundi wa jua kali wanashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Wasikiguse, wasikikate, wasikichome wala kukigonga kwa nyundo.
2. Waondoke hapo na kuwazuia watoto, wapita njia na mifugo wasikaribie.
3. Wapige simu kwa polisi kupitia 999 au 112, au wamjulishe chifu au msimamizi wa wadi. Maafisa hao watawasiliana na KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia nchini iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019.
4. Wasikibebe kwenye matatu au boda boda kukipeleka kituoni. Wataalamu ndio wanaopaswa kukifuata kilipo.
5. Aliyekwisha kukigusa avue nguo za nje taratibu na kuzitia kwenye mfuko uliofungwa, uwekwe mbali na watu. Kuvua nguo pekee huondoa sehemu kubwa ya uchafu wa mionzi. Kisha aoge kwa sabuni na maji mengi bila kusugua ngozi hadi ichubuke. Asile, asinywe wala kuvuta sigara kabla ya kunawa.
6. Aende hospitali na aeleze wazi alichogusa, siku na saa. Tabibu asiyeambiwa anaweza kudhani ni ugonjwa wa tumbo.

Hakuna faida ya kuficha habari kwa kuogopa kuulizwa chuma kilitoka wapi. Kila siku inayopita huongeza idadi ya watakaoumia, na wa kwanza huwa ni watu wa nyumba hiyo hiyo.

KANUNI HIZO HIZO KATIKA MAJANGA MENGINE

Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Hapo pia, kilichoonekana kuwa mali ya bure kilikuwa mauti. Lori la mafuta likianguka, familia ijiweke mbali, upande ambao upepo unatoka, na pasiwashwe sigara wala pikipiki.

Gesi ya kupikia ikinuka ndani ya nyumba, swichi ya stima isiguswe, ya kuwasha wala ya kuzima. Mtungi ufungwe ikiwezekana, milango na madirisha yafunguliwe, na watu wote watoke nje.

Mafuriko nayo hayasubiri. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalipasua njia na kuwasomba watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 40 walifariki. Wanaoishi mabondeni na kando ya mito wanahimizwa kuhamia sehemu za juu mara tahadhari inapotolewa, kungali mchana. Maji yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima yakiwa hayajafika hata magotini. Asivuke mtu kwa miguu, wala dereva asijaribu kupita.

MPANGO WA FAMILIA

Mpango huu hauhitaji pesa nyingi. Jioni moja inatosha kuuandaa.

Familia ichague mahali pawili pa kukutania: pa karibu, kama vile chini ya mti mkubwa nje ya ploti, na pa mbali, kama vile shule au nyumba ya ibada iliyo sehemu ya juu. Ikubaliane ni nani atamshika mtoto mchanga, nani atamsaidia nyanya au babu asiyeweza kutembea vizuri, na nani atamwangalia mwenye ulemavu.

Mkoba mmoja uwekwe karibu na mlango ukiwa na nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa ndani ya karatasi ya plastiki, dawa za anayezitumia kila siku, tochi, redio ndogo ya betri, blanketi, vyakula vikavu na pesa kidogo. Jerikeni ya maji safi yenye kifuniko iwe kando yake. Nambari za simu za dharura, zikiwemo 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ziandikwe kwenye karatasi, kwa maana simu huweza kuisha chaji.

TAHADHARI NA UVUMI

Baada ya ajali ya Fukushima nchini Japani mnamo Machi 2011, watu katika nchi jirani walikimbilia kununua chumvi wakidhani itawakinga. Chumvi haizuii mionzi. Tembe za iodini hulinda tezi ya thairoidi iliyo shingoni pekee, dhidi ya iodini yenye mionzi pekee, na humezwa tu maafisa wa afya wanapoagiza. Dawa ya iodini ya kupaka kwenye vidonda ni sumu ikinywewa. Ujumbe wa WhatsApp usiojulikana ulikotoka usisambazwe kabla ya kuthibitishwa na ofisi ya wadi, chifu au redio.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, kuna chuma au chombo nyumbani au kwenye yadi ya jirani ambacho hakuna anayejua kilikotoka?
2. Watoto wanaookota vyuma ili kuuza wanaijua alama ya mionzi? Wachorewe leo.
3. Maji yakiingia nyumbani saa nane usiku, kila mmoja ataelekea wapi, na ataondoka na nani?
4. Ni nani katika familia anayejua nambari za dharura bila kutazama simu?

Familia inayoweza kujibu maswali haya manne tayari imeanza kujikinga. Isiyoweza kuyajibu ina kazi ya jioni ya leo.